Dalali wa Ngamia Ghorofa ya Tatu

Daud alikuwa na kipaji cha kumtukana ngamia mpaka mwenye ngamia akaona haya kumfuga. Soko zima la mifugo la Garissa lilimjua kwa hilo. Mnyama angeletwa kutoka Hadado, nundu imesimama, macho maangavu, manyoya yanameta kama kapakwa samli. Daud angemzunguka mara moja, akatikisa kichwa, kisha akauliza, kwa upole wa mtu aliyekuja matangani, kama huyu ngamia anaugua au ndivyo alivyozaliwa. Na muuzaji hakukasirika. Katika soko lile mnunuzi anayesifu ni mtu aliyefungua mkoba wake mwenyewe akaupindua. Anayetukana ndiye mwenye pesa. Ukipita kando ya mnyama wa mtu bila kumtoa kasoro, hapo ndipo umemvunjia heshima, maana umemwambia kwamba hata kutukanwa hastahili.

Basi Istahil, dada yake mkubwa, alipotaka kununua nyumba, hakujiuliza mara mbili nani wa kwenda kumwongelea.

Nyumba yenyewe ilikuwa fleti ya vyumba viwili, ghorofa ya tatu, katika mtaa uliosongamana nyuma ya soko, ambako majengo yamekaribiana hata jirani akipiga chafya jengo la pili unamwombea rehema ukiwa jikoni kwako. Istahil hakuipendea uzuri. Aliipendea kimo. Mara tatu mto Tana ulikuwa umemfuata nyumbani kwake bulla ya chini, mtaa wa kando ya maji, na mara zote tatu haukubisha hodi. Mara ya kwanza ulichukua mbuzi. Mara ya pili ulichukua kitanda, na kitanda kilikutwa siku mbili baadaye kimekwama juu ya mgunga, kimetandikwa vizuri kuliko alivyokiacha. Mara ya tatu ulichukua ukuta wa jikoni pamoja na subira yake. Siku ile, akiwa amekaa kwenye hema la msaada na sufuria mapajani kwa kukosa mahali pa kuiweka, aliapa kwamba mara ya nne mto ukimtaka utapanda ngazi.

Kwa kiapo hicho aliuza ngamia kumi na watatu alioachiwa na marehemu mumewe. Mwanawe Awil, aliyekuwa akiwachunga, hakupinga. Moyo wake ulikuwa umeshahamia Wajir kwenye duka la simu, mwili ndio uliokuwa umebaki nyuma ya mikia. Kwao mtu akiuza mnyama hubaki na kamba, ili baraka ya zizi isitoke na mgeni. Kwa hiyo Istahil alibaki na kamba kumi na tatu ndani ya gunia, na milioni mbili na laki tatu benki. Zilikuwa pesa za mara moja. Mwanamke wa miaka sitini na miwili hapati ngamia wengine kumi na watatu, na mvua za deyr, zile za mwisho wa mwaka zinazouleta mto, zilikuwa zimebakiza wiki chache.

Mwenye fleti alikuwa mwalimu Kang'ethe, mtu wa Nyeri, aliyefundisha hesabu Garissa miaka ishirini na miwili. Sasa amestaafu na anarudi kwao, ambako mkewe Gatwiri alikuwa ametangulia na makochi. Alitaka milioni mbili na laki sita. Istahil alimfahamu vizuri, kwa sababu kila asubuhi mwalimu alipita kwenye meza yake sokoni, ambako Istahil alichuuza maziwa ya ngamia wa wafugaji wa nje ya mji, akanunua nusu lita, akiuliza kila siku kama ni mapya, naye Istahil akimwapia kila siku kwamba ni mapya hivi kwamba ngamia mwenyewe hajajua bado kama amekamuliwa.

Siku ya kwenda kuona nyumba, Daud alivaa shali yake ya kazi na kushika bakora. Alianza kufanya kazi tangu chini. Alipanda ngazi akizihesabu kwa sauti, mapumziko mawili njiani, ili mwenye nyumba asikie kwamba mteja anateseka. Zilikuwa arobaini na nane.

Mwalimu Kang'ethe alikuwa amewangoja. Alikuwa amepiga deki, amevaa shati lililonyoshwa, na chupa ya chai ilikuwa mezani na vikombe vitatu vimefunikwa kitambaa. Aliwapokea kama mtu anayemtambulisha binti yake kwa wakwe.

Istahil alipotokeza kwenye roshani, alishika ukuta. Tana ilikuwa kule chini, mbali, nyembamba kama uzi wa kahawia ulioanguka kwenye zulia la mtu mwingine. Upepo ulimpuliza usoni. Nyuma yake jiko dogo lilikuwa limepakwa rangi ya kijani, kazi ya Gatwiri. Moyoni alikwisha kuhamia. Lakini alijua adabu za soko, basi aligeuka na kurudi ndani na uso wa mtu aliyeonyeshwa kaburi.

Daud alikuwa kazini. Aligongagonga ukuta kwa ngumi kama anayepima mbavu. Aliweka sikio. Alifungua mfereji wa jikoni, nao ukakohoa, ukatetemeka, ukatema kijiko kimoja cha maji mekundu.

"Kifua," alisema Daud kwa huzuni.

Akauliza kama jua la mchana linaingia chumba cha kulala, na alipoambiwa linaingia kidogo, alimtazama dada yake kama wanaojuana siri ya msiba. Akasema mlango wa choo umezeeka kuliko jengo. Mwalimu alivumilia yote hayo. Miaka ishirini na miwili hukai mahali bila kujifunza lolote. Alitabasamu, akamwaga chai.

Kisha Daud akafika kwenye vigae vya sakafu.

Vigae vile vilianza vizuri mlangoni, vimenyooka kama wanafunzi kwenye gwaride. Kufikia katikati ya sebule mistari ilikuwa imeanza kulegea. Kufikia jikoni ilikuwa imepinda kushoto kabisa, kama mtu aliyekumbuka ghafla kwamba ameacha kitu nyumbani. Daud aliweka ncha ya bakora kwenye mstari mmoja na kuufuata taratibu, hatua kwa hatua, kutoka mlangoni mpaka jikoni, akiinama, hadi alipogonga kabati.

"Mwalimu," alisema, kwa Kiswahili chake cha sokoni, "huyu fundi aliweka hii taili, alikuwa anaona na macho ngapi?"

Mwalimu hakujibu. Kwa dalali wa ngamia, muuzaji akinyamaza ni dalili njema, bei inavuja ndani kwa ndani. Daud akaongeza. Akauliza kama fundi alilipwa au alishtakiwa. Akauliza kama watu wa kwao wanajua kwamba hii ndiyo kazi anayofanya huku. Kisha, akiona nyama imeiva, akaushika mkono wa mwalimu na kuufunika kwa shali ili waongee kwa vidole, kama madalali wanavyofanya watu wa pembeni wasijue bei. Alibana vidole viwili: milioni mbili. Mwalimu aliuchomoa mkono wake kama mtu aliyeshika birika motoni.

Hakupaza sauti. Alisema chai wameshakunywa. Akafungua mlango. Wakiwa kizingitini akawaambia kwamba Abdimalik wa duka la mabati ameshaiulizia nyumba kwa simu, kwamba atakuja Ijumaa baada ya swala, na kwamba atamuuzia yeye.

Kushuka ngazi Daud alikuwa na furaha kubwa. Alisema mtu yule amekasirika vizuri, na kwamba aliyekasirika vizuri hushuka vizuri. Kesho mwalimu mwenyewe angepiga simu kukubali milioni mbili na laki moja. Istahil alikuwa ameuona uso wa mwalimu pale bakora ilipogonga kabati, na hakuwahi kuona uso kama ule sokoni.

Kesho yake simu haikulia. Siku ya pili, mwalimu Kang'ethe alipita sokoni asubuhi kama kawaida, na mkebe wake mkononi. Istahil alianza kufunua dumu. Mwalimu alisalimu kwa adabu, akampita, akaenda kununua maziwa kwa Rukiyo, meza mbili mbele.

Hapo Istahil akajua mambo yameharibika. Mtu aliyekasirishwa na bei huendelea kugombana nawe, na ugomvi ni njia ya kurudi. Huyu alikuwa amebadilisha ngamia.

Rukiyo, ambaye alikuwa rafiki yake tangu wote wawili wakiwa na meno yote, alimsogelea mchana biashara ilipopoa. Akamwambia alichoambiwa na mwalimu. Fundi wa vile vigae hakuwa fundi. Alikuwa mwalimu mwenyewe. Aliviweka likizo moja ya Aprili, wiki mbili kwa magoti, akisoma maelekezo kwenye karatasi, kwa sababu ndiyo nyumba ya kwanza aliyopata kuimiliki na alitaka mkono wake uwemo.

Istahil alifunika dumu, akauliza ugonjwa huo dawa yake nini.

"Nenda ukaisifu nyumba yake," Rukiyo akasema.

Lilikuwa neno zito. Istahil hakuwahi maishani mwake kusifu kitu alichotaka kununua. Hata marehemu mumewe hakumsifu yeye mpaka mahari ilipokwisha kulipwa yote, na hata hapo alisubiri mtoto wa pili, kwa tahadhari. Alimwambia Rukiyo kwamba ulimi huo hana.

"Unao, abaayo, dada yangu. Kila siku unasifu maziwa, ngamia wakikusikia watadai mshahara."

"Yale ni yangu. Nayauza."

"Basi na nyumba iuze."

Ijumaa asubuhi Istahil alipanda zile ngazi arobaini na nane akiwa na dumu la maziwa, na magoti yake yakizihesabu bila kuambiwa. Daud alikuja nyuma yake. Alikuwa ameapa kunyamaza. Alikuja tu, alisema, ili bei isijiue bila shahidi.

Mwalimu alifungua mlango nusu. Istahil hakungoja kukaribishwa. Kisomali chake kilikuwa na vidole kumi, Kiswahili chake kilikuwa na vitatu, lakini vitatu hivyo vilikuwa vimeuza maziwa miaka thelathini. Alivuta pumzi, akashika fremu ya mlango kama anavyoshika dumu, akaanza.

"Mwalimu, hii nyumba ni ya asubuhi," alisema. "Haijalala. Haina moshi, haina harufu. Wallahi haijachanganywa maji."

Nyuma yake Daud alitoa mguno mdogo, kama mtu aliyekanyagwa.

Mwalimu alimtazama. Akaufungua mlango uliobaki, labda kwa mshangao tu. Istahil akaingia akiendelea. Jiko alilisifu kwa rangi yake, akasema mke wa mwalimu ana jicho. Kuta alizipigapiga begani, akasema zimeshiba. Upepo wa roshani akasema mtu akiunywa asubuhi na jioni atapona kifua. Daud aliketi kwenye kigoda, akajifunika shali usoni. Kila sifa aliisikia ikigonga kama elfu hamsini.

Kisha Istahil akafika kwenye vigae. Hapo akasimama. Angeweza kuapa kwamba vimenyooka, maana kwa maziwa aliwahi kuapa makubwa zaidi ya hayo. Lakini mwalimu alikuwa akimtazama miguu, akingoja, na ulimi wake ukakataa.

"Hii taili inatembea kama ngamia anaenda kisimani," alisema polepole. "Ngamia hatembei na rula, mwalimu. Anaona majani huku, anapinda. Lakini anafika. Hii imefika jikoni."

Mwalimu Kang'ethe alitazama sakafu yake kutoka mlangoni mpaka kabatini, kana kwamba ndiyo kwanza anaiona.

"Nilifika jikoni siku ya kumi na mbili," alisema. "Magoti yangu hayajarudi kamili mpaka leo."

Akaenda kuleta chupa ya chai.

Sasa, mwalimu alikuwa amesahihisha hesabu za watoto kwa miaka ishirini na miwili, na kitu kimoja ambacho hakuweza kuvumilia ni jibu lisilo sahihi, hata likiwa la kumfaidi. Istahil alipoanza tena kwamba nyumba haijachanganywa maji, mwalimu alishindwa kujizuia. Alimwambia Mama Awil angoje kidogo. Ni kweli haijachanganywa maji, maana maji yenyewe huja Jumanne na Ijumaa tu, na Ijumaa nyingine husahau. Kwa hilo, kwa haki, laki tano na nusu zibaki juu ya milioni mbili, laki sita ni nyingi.

Istahil akasema maji ya kila siku humharibu mtu tabia.

Mwalimu akasema jua. Alikuwa amesema linaingia kidogo. Ukweli ni kwamba mwezi wa pili, saa nane mchana, mtu anaweza kubandika chapati kwenye ukuta wa chumba cha kulala ikaiva upande mmoja. Akapunguza tena. Istahil akasema nguo zitakauka upesi, na mifupa yake inapenda moto. Mwalimu akasema Saynab wa ghorofa ya juu ana wana watatu ambao hucheza mpira ukumbini na mmoja ni mzito. Istahil akasema watoto ni baraka, na mzito ni baraka kubwa zaidi. Mwalimu, sasa amepamba moto kabisa, akainuka kwenda jikoni na kufungua mfereji ili mteja ausikie mwenyewe ukikohoa. Akasema ni kweli, mzee Daud alisema kweli, ule ni ugonjwa wa kifua.

Daud alifunua uso. Biashara ilikuwa imepinduliwa miguu juu mbele ya macho yake, mnunuzi anasifu na muuzaji anatukana, na yeye alikuwa na moyo kama watu wengine.

"Si kifua, mwalimu," alisema kwa uchungu. "Ni mafua tu. Itapona."

"Na kuna jambo lingine," mwalimu akaendelea, "na hili niseme mapema, maana nisingependa mtu aje kunilaumu. Msikiti uko hapo chini ya dirisha. Adhana ya alfajiri inaingia mpaka ndani ya blanketi."

Istahil aliweka kikombe chini. Akamwambia hiyo si kasoro. Kitu kama hicho mtu angelipia zaidi, na haki ni haki, kwa hilo mwalimu aongeze elfu hamsini. Daud aliinuka nusu kutoka kwenye kigoda, akarudi kukaa, akasoma kitu kimyakimya cha kuomba subira.

Walikuwa hapo, wakibishana kila mmoja dhidi ya mfuko wake, simu ya mwalimu ilipolia. Alikuwa na mazoea ya kuiweka mezani na kuongea kwa spika, kila mtu aliyemo asikie. Ilikuwa Abdimalik. Alisema hatakuja leo kuiona nyumba, hana haja; ghorofa ya tatu ni mbali na nyumba ni nyumba. Mwalimu alete tu funguo dukani Jumatatu na pesa atapewa papo hapo, mbili na sita bila maneno. Atapangisha wafanyakazi wake, watu wanane. Ule ukuta wa jikoni atauvunja, na hivyo vigae, ambavyo amesikia habari zake, vijana watang'oa waweke saruji.

Mwalimu alisikiliza mpaka mwisho. Istahil alikuwa ameshika ukingo wa meza. Mbili na sita bila maneno. Hapakuwa na sifa duniani ya kupambana na hizo. Akaona afadhali aseme, maana kulikuwa hakuna tena kitu cha kuuza.

"Mwalimu, mimi niko na ngamia kumi na tatu," alisema. "Ni mbili na tatu. Ya kumi na nne haikuzaliwa. Na mto inakuja."

Mwalimu aliinama kwenye simu.

"Abdimalik, umechelewa kidogo," alisema. "Imeshanunuliwa." Akazima.

Akamtazama Istahil juu ya miwani. Akasema mbili na tatu ni sawa. Alikuwa na kasoro nyingine nne ambazo hajazitaja, na kwa hesabu zake wangefika hapo hapo kabla ya swala.

Daud, ambaye hakuwa amefanya chochote ila kutetea mfereji, alinyosha mkono ili wafunge bei kwa heshima, akaufunika kwa shali. Safari hii mwalimu aliacha mkono wake pale. Hakujua vidole vinasema nini, lakini alivibana vyote kwa nguvu, na Daud alisimulia baadaye kwamba kwa vidole vile mwalimu alikuwa amejiuzia nyumba yake mwenyewe mara mbili.

Wakili aliandika, wino ukakauka, na wiki mbili baadaye mwalimu Kang'ethe alitoa vitu vyake vya mwisho. Walikuwapo wote kumsaidia kushusha. Alipomaliza masanduku alikwenda roshani, akafungua kamba ya kuanikia nguo, akaizungusha kiwikoni vizuri na kuitia mkobani. Akaeleza kwa aibu kidogo kwamba ni kamba nzuri ya nailoni na Gatwiri ameiulizia.

Daud alisimama akimtazama, mdomo wazi. Muuzaji ameachia mnyama na kubaki na kamba. Hakufundishwa na mtu. Alimgeukia dada yake na kumwambia kwa Kisomali kwamba huyu mtu walikuwa wanamwonea bure, kumbe ni mfugaji. Akambebea sanduku kubwa mpaka chini, ngazi zote arobaini na nane, bila kuzihesabu.

Istahil alibaki juu peke yake, na nguo mbichi kwenye karai na roshani isiyo na kamba. Akakumbuka gunia. Alizitoa zile kamba za ngamia, akazifunga moja na nyingine, akazivusha kutoka msumari hadi msumari. Zilikwenda zikipinda huku na kule, fundo kwa fundo, lakini zilifika. Akaanika dira zake, magauni yake mapana.

Mawingu yalikuwa yamekaa upande wa milimani siku nyingi. Kule chini uzi wa kahawia ulikuwa umeanza kunenepa, ukiramba miguu ya bulla ya chini, ukimtafuta kwenye anwani ya zamani. Istahil aliinama juu ya ukingo wa roshani, kati ya magauni yanayochuruzika.

"Arobaini na nane," aliuambia mto. "Na katikati pumzika mara mbili, mwenzio Daud alipumzika."